Mzee Mwinjuma Asiyeitikia Shikamoo

"Yule si Mwinjuma," jirani yangu Hajira aliniambia tukisubiri ndoo zijae bombani. "Ni marehemu kaka yake, Sabiri. Kamvaa. Msalimie uone kama ataitika."

Mzee Mwinjuma tunapakana naye hapa Magoma. Amekata mkonge ujana wake wote, sasa analima mahindi, na nilipoolewa ndiye aliyenichongea kinu. Lakini tangu vuli alikuwa akionekana alfajiri pembeni ya shamba la mkonge lililoachwa, kawapa watu mgongo, hatikisiki. Sabiri naye alisimama pale pale, mwaka aliokufa.

Siku moja nikapita pale na mwanangu Maryamu mgongoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mkonge, ndani yake inaonekana kofia nyeupe tu.

"Shikamoo, babu."

Kimya. Nikarudia. Shingo haikugeuka. Maryamu, anayelilia kila mtu, alinyamaza akakodoa macho. Niliharakisha bila kukimbia, maana tangu utotoni tunaambiwa ukikimbia ndipo kinakufuata.

Alhamisi likapita gari la matangazo. Wanaume wa miaka hamsini na kuendelea waje kesho zahanati, tezi dume inapimwa bure. Kipaza sauti kikataja dalili: unasimama muda mrefu, mkojo hautoki. Na ambaye baba au ndugu yake aliugua, asingoje dalili. Kahawani wanaume wakacheka.

"Nenda wewe, Iddy, ukachokonolewe."

Mzee Mwinjuma alikuwa kati yao, kashika kikombe, hanywi. Nikaikumbuka ile kofia kwenye ukungu.

Jioni nikampelekea uji, Maryamu mgongoni. "Babu, asubuhi ile kwenye mkonge..."

"Nilikusikia, mwanangu. Mtu akiwa katika haja haitikii salamu. Na haja yenyewe ni matone, tena yanaunguza."

"Na marehemu Sabiri?"

"Hivyo hivyo. Tukasema karogwa. Tukazunguka naye kwa waganga mpaka akaisha." Akatazama kule shambani. "Nikisimama pale nasikia mtu nyuma yangu, kama anayengoja. Ile pumzi naijua."

Sikugeuka kutazama. "Kesho nenda ukapime, babu."

"Nipite mbele ya wale wa kahawani?" Akamnyooshea Maryamu mikono. "Niazime huyu. Nimbebe mimi, waone nampeleka mjukuu kliniki. Nawe, mwanangu, usiniache nikaingia peke yangu."