Sanda ya Baba na Shimo Jeusi

Nilijua kuwa ni sanda. Watu wa nyumbani wakisimulia kisa hiki husema nilidhani ni kitambaa cha biashara. Wananifichia aibu tu, nilijua. Ilikuwa bafta nyeupe, imekunjwa chini kabisa ya sanduku la mama pamoja na karafuu maiti. Baba alikuwa kitandani kwa mwezi wa tatu sasa, figo zimechoka. Siku zile maduka ya Tororo yalikuwa rafu tupu, kwa hiyo mama alivuka hadi Busia ya Kenya, akajizungushia bafta ile tumboni ndani ya gauni, akarudi akiwapita askari wa mpakani kwa salamu. Alikuwa na miaka sitini na kitu.

Mimi, binti yao, nilikuwa mwalimu wa hesabu. Mwalimu wa fizikia alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake, nilibebeshwa masomo yake. Aliacha jarida moja la sayansi, na humo nikasoma habari za mashimo meusi: nyota kubwa inakufa, inajiporomokea, uzito wote unabanwa mahali padogo mno hata nuru haiwezi kutoka. Picha ilionyesha shuka lililovutwa pembe nne na mzigo katikati. Shuka zetu zilikuwa viraka vitupu. Nikaitoa bafta sandukuni, nikajiambia, kufika alasiri nitakuwa nimeirudisha.

Darasani, wasichana wanne wakashika pembe. Nikaweka jiwe la kusagia katikati, bafta ikabonyea, nikaachia ndimu pembeni. Ikazunguka, ikazunguka, ikatumbukia. Nikawaambia si kweli kwamba shimo linafyonza kila kitu. Ukiwa mbali unaweza kulizunguka miaka na miaka kama dunia inavyozunguka jua. Ukikaribia mno ndipo miguu inavutwa kuliko kichwa, ukarefuka kama tambi. Wallahi nilinogewa. Nikaongeza jiwe la pili, na bafta ikalia kraa! Mawe yakatua kwenye sakafu.

"Mwalimu, shimo lenyewe ndilo hilo!" akasema msichana mmoja, na darasa zima likaangua kicheko. Nilimtoa nje. Maskini, hakuwa na kosa lolote.

"Umechana sanda ya baba yako?" mama aliniuliza. "Kwa ajili ya ndimu?"

Nilikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, na bado nilitamani anichape yaishe. Mwanamume akizikwa huvishwa nguo tatu, na katika bafta ile sasa zilitoka mbili tu nzima. Sheikh alisema mbili zinatosha, hata moja. Mama akajibu kwamba zimtoshe yeye sheikh.

Baba alisikia yote. Akaniita, "Njoo unifundishe na mimi, maana darasa limefanywa kwa nguo yangu."

Alikuwa dereva wa lori maisha yake yote, akipeleka saruji Kisumu, kwa hiyo aliuliza kidereva. "Mtu anaelekea humo shimoni, anapiga honi kila dakika. Ninyi mliobaki nje mnasikiaje?"

Nikamwambia afadhali awashe taa, huko hakuna hewa ya kubeba sauti. Kwake yeye ni kila dakika. Sisi tutaona mwako baada ya dakika mbili, halafu kumi, halafu mwaka, kila mara hafifu zaidi na mwekundu zaidi. Hatutamwona akivuka ukingo wa shimo ng'o.

"Na yeye mwenyewe?"

"Anavuka tu. Kama shimo ni kubwa sana, hata hajui kuwa amevuka."

"Afadhali yake," akasema. Kisha: "Hakuna pa kutokea upande wa pili?"

Nikamweleza kwamba kuna waliopiga hesabu, wanaona huenda ikawepo njia ya mkato ya kutokea mahali pengine kabisa, ila hesabu zilezile zinasema hujifunga kabla hujapita.

"Hiyo ni njia ya panya," akasema baba, "nayo ina askari." Akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Mama, jikoni, hakucheka.

Jumamosi nilikwenda Busia. Nilitaka kitu kimoja tu: azikwe na nguo tatu nzima, nisije kuishi na deni lile moyoni. Nikavuka, nikapata bafta, mke wa mwenye duka akanizungushia chini ya gomesi, lile gauni letu refu. Kurudi, kwenye kizuizi, askari akaninyooshea fimbo.

"Wewe mama, nakwenda wapi? Tumbo hii ya nini?"

Hasira zikanipanda. "Ni sanda ya baba yangu!"

"Baba nakufa lini?"

"Hajafa."

Lo! Akawaita wenzake waje wasikie: mtu yu hai, sanda tayari. Wakaniketisha nyuma ya kibanda nimsubiri mkubwa wao. Mkubwa alikuja kesho yake mchana, akanitazama, akasema, "Hii mama wacha iende."

Nilipofika nyumbani, wanaume walikuwa wakiosha udongo miguuni, wametoka makaburini. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Mama alikuwa ndani, mkekani, katikati ya wanawake. Nikajifungua bafta mbele yao, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ikajaa mkekani.

"Mama, nimeileta," nikasema. "Nzima."

Akaivuta, akaipima kwa mkono, akaikagua ncha hadi ncha. Akaikunja.

"Iweke sandukuni," akasema. "Hiyo ni yangu."