Mshelisheli wa Alston Bynoe

Alston Bynoe alizaliwa ndani ya bustani ya mimea ya Fairbaine, kwenye nyumba za wafanyakazi, na mama yake akakizika kitovu chake chini ya mche wa mshelisheli, kama walivyofanya akina mama wa kisiwa cha Saint Vincent. Tangu siku hiyo mti ule ulikuwa wake. Alianza kazi ya kufagia majani akiwa na miaka kumi na sita. Alipotimiza hamsini, hakuna aliyeangusha mti mkubwa kisiwani bila kumwita kwanza.

Kazi yake aliifanya kwa masikio. Aligonga shina kwa mpini wa panga, akazunguka, akagonga tena, kisha akatamka: huu mzima, huu umeoza. Hakumwonea mtu haya. Padri alimnunia mwaka mzima kwa kuutangaza mkwaju wa kanisani kuwa umeoza.

Sasa mshelisheli wake mwenyewe ulikuwa umeinamia njia ya watoto wa shule. Verlyn Ollivierre, meneja mpya, akamwita mbele ya wafanyakazi wote.

"Mzee Alston, ukisema ubaki, utabaki. Siiti mtu mwingine."

"Leo atasikia anachotaka huyo," akacheka Cuthbert wa kitaluni.

"Nyamaza basi, nisikie," akasema Alston.

Akagonga, akazunguka. Akarudia mara tatu pale penye kovu la tawi alilolikata ujanani na kulipaka lami, kama walivyofundishwa wote siku zile. Lami ile ilifungia maji ndani, na kwa miaka arobaini mti ukaoza polepole. Roho ilimuuma, machozi yakamtoka waziwazi.

"Umeoza," akasema. "Na aliyeuozesha ni mimi. Njooni muone. Kidonda cha mti msikipake lami, kiacheni kikauke chenyewe."

Cuthbert akavua kofia.

"Aukate nani?" Verlyn akauliza taratibu.

"Si mimi? Mti wangu huu."

Kabla ya kushika msumeno alipiga magoti, akafukua mzizi mmoja mzima, akaujeruhi kwa kisu. Mshelisheli wa kwao hauna mbegu. Huchipua pale mzizi ulipoumia.

Miezi mitano baadaye chipukizi lilikuwa limefika magotini, nalo Alston alikwisha kulihamishia mbali na njia. Cuthbert akamjia na kitambaa kilichokunjwa, ndani yake kitovu cha bintiye mchanga.

"Mzee, nichagulie mti."

Alston akampeleka kwenye lile chipukizi, akampa jembe.

"Chimba hapa. Na nikikuona na kopo la lami, tutakosana."