Risista ya Mlangoni

Kaka yangu alikufa Aprili 1956, kwa homa ya mapafu, na kazi yake ikabaki bila mtu. Alikuwa akitunza vipimo vya boila katika kiwanda kimoja cha Thika. Nyumba waliyokaa mkewe na watoto ilikuwa ya mwenye kazi hiyo. Kama mimi nisingeiweza kazi hiyo, wangehamishiwa kijiji cha ndani ya seng'enge, kilicholindwa na askari wakati ule wa Hali ya Hatari. Nami nilikuwa mwosha kahawa wa Ruiru, sikufika mbali shuleni.

Fundi mkuu, Mhindi mmoja, aliniwekea mezani amplifaya ya vali, mashine ya kukuza umeme mdogo unaotoka kwenye vipimo.

"Vali inatoa nguvu tu," alisema. "Hesabu iko kwa hizi risista mbili, hizi za kuzuia umeme. Hii ya mlangoni inapokea umeme kidogo ya boila. Hii ingine inarudisha mlangoni ile umeme imekuzwa. Gawanya ya kurudisha kwa ya mlangoni. Mia kwa kumi?"

"Kumi."

"Basi inatoka mara kumi, imegeuka upande. Sasa mlangoni naweka ishirini."

Niliona risista kubwa zaidi, nikasema itakuza mara ishirini.

"Ndugu yako alikuwa na kichwa. Wewe umeleta kofia tu! Ni tano. Kesho niambie kwa nini, ama naita mtu mwingine."

Jioni, nikirudi nyumbani, nilisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani cha Ruiru. Askari walikagua vipande vyetu vya utambulisho kwa ukali, na waliopita walikuwa wachache. Nikiwa nimechuchumaa pale matopeni, nikaiona risista ya mlangoni: ikizuia sana, umeme unaoingia hupungua. Ile ya kurudisha ilinisumbua hadi nyumbani. Ikizuia sana, umeme uliogeuka unaorudi mlangoni kupinga ule unaoingia ni kidogo, ndiyo maana kinachotoka huzidi. Sikufurahi. Niliogopa kulala nisije nikasahau.

Asubuhi nilimweleza fundi hivyo hivyo, habari ya askari na yote. Hakucheka. Alinielekeza kwa kidole koti la kazi la kaka yangu, lililokuwa bado limetundikwa ukutani.

"Vaa."

Saa ya chakula nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa ameshang'oa mafiga na kuyatia guniani, jivu bado lina moto.

"Sema tu," aliniambia, bila kuniangalia.

"Mnabaki."

Alifungua gunia, akayapanga mafiga upya, akanituma kuni.