Natibu nyonga kwa mazoezi, ufukwe mzima wa Ujiji ukadhani napima viwanja

Wakuu, salama humu?

Kuna swali lilininyima usingizi wiki mbili nzima: hivi mtu wa miaka ishirini na sita akimwambia bosi mtarajiwa kwamba nyonga inamuuma, bado anahesabiwa kijana?

Yaliyonikuta yana mashahidi, akina mama wanaoanika dagaa hapa Ujiji. Nikiongeza chumvi watanianika na mimi.

Nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita, nakaa kwa shangazi. Muda wote huo kazi yangu ilikuwa kukaa kitandani, miguu nimeikunja, laptop mapajani, naomba kazi. Mwishowe mzee mmoja anayepeleka wageni milimani kuwaona sokwe akaniita. Anataka muongoza wageni. Sharti lake: mwisho wa mwezi tupande mlima siku nzima, begi mgongoni, anione mwenyewe.

Mimi jambo dogo nalifikiria mara nne. Hili nililifikiria mara arobaini, nikaamua kujiandaa. Kesho yake nikakimbia kutoka Ujiji hadi Mwanga, Kigoma mjini, na kurudi. Keshokutwa tena. Siku ya nne nyonga ya kulia ikagoma. Hata kuvaa suruali nikawa nakaa chini.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dalili. Msifanye hivyo. Ndani ya saa moja nilikuwa na magonjwa sita, mawili ya ng'ombe.

Shangazi anauza mawese, akasema dawa imo humu humu ndani. Akanikanda kwa mawese ya moto siku tatu. Nyonga haikupona, ila bukta zangu zote sasa ni za rangi ya chungwa na paka wa jirani akaanza kunifuata.

Ndipo nikaenda hospitali, kitengo cha mazoezi tiba. Dada mmoja mpole akanilaza, akaukunja mguu huku na huku, akauliza: umeanguka? Una homa? Mguu unashindwa kubeba uzito? Maumivu yanakuamsha usiku?

Yote hapana.

"Na mawazo je, yanakuamsha?"

Nikamuuliza kama nyonga imekufa.

"Kaka, nyonga yako haijafa. Misuli ya makalio imelala miaka miwili, wewe umeiamsha kwa kuikimbiza."

Akanipa mazoezi matatu. Kulala chali, magoti nimeyakunja, nanyanyua kiuno. Kulala ubavu na kufungua goti la juu. La tatu, kufunga mkanda wa mpira mapajani, kuchuchumaa kidogo, kutembea kiubavu hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi. Kila siku niandike maumivu kwenye daftari, sifuri hadi kumi. Yasizidi matatu, na kesho yake yawe yametulia. Yakizidi, napunguza. Kukimbia nisubiri kwanza, na nikirudia nianze kidogo kidogo.

Mawili nilifanyia chumbani. La tatu halikuwezekana, chumba changu kina hatua nne. Nikakata tyubu ya baiskeli, nikaivaa ndani ya bukta pana isionekane, nikashuka ufukweni asubuhi.

Mbona niifiche? Kwa sababu hapa Ujiji ukikohoa Jumatatu, Jumanne unapewa pole stendi. Mzee wa sokwe angejua, kazi ningeisikia kwa wenzangu.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya wale akina mama. Kila mmoja ana eneo lake la vichanja vya dagaa, mpaka ni jiwe tu au kijiti. Kila asubuhi kijana msomi anapita kiubavu katikati ya vichanja, anahesabu kwa sauti hadi kumi na mbili, anasimama, anakunja uso, anaandika kwenye daftari.

Siku ya tatu Mama Rehema akanisogelea, akanisalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mwanangu. Unampimia nani?"

Nikamfikiria mzee wa sokwe. Nikafikiria magonjwa sita. Nikajibu:

"Siruhusiwi kusema, mama."

Sijawahi kutoa jibu baya kuliko lile.

Kesho yake ufukwe ulikuwa umehama. Vichanja vimesogezwa ili kila eneo liwe kubwa. Vya Mama Rehema vilifika majini, dagaa waliokauka wakaloa upya. Kuna mtu alipanda miche saba ya michikichi mchangani ihesabiwe kama mazao fidia ikija. Mwingine alijenga choo cha mabua, hakina shimo. Na nyumbani shangazi alikuwa ameletewa samaki, migebuka miwili mikubwa, "ya mpimaji."

Tuliila. Sitawaficha.

Siku iliyofuata nilikuta Mama Rehema na jirani yake Mama Editha wameshika kichanja kimoja, kila mmoja upande wake, wanavutana, dagaa wanaruka.

"Mwizi wa mchanga wewe!"

"Mchanga umeuzaa wewe? Msomi si huyo! Aseme mpaka uko wapi!"

Macho yote kwangu. Hao wawili wameanika pamoja tangu sijaanza shule. Nikinyamaza, wanagombana kwa ajili ya makalio yangu. Nikisema, kazi imekwenda.

Nikapandisha bukta, tyubu ikaonekana.

"Mama zangu, sipimi chochote. Nyonga inaniuma. Haya ni mazoezi."

Dagaa wakaacha kuruka.

"Nyonga?" Mama Editha akauliza. "Wewe? Umezaa wangapi?"

Kichanja kilianguka kwa kicheko. Baadaye Mama Editha akaniita pembeni, kumbe yeye nyonga inamsumbua mwaka wa pili kwa kuinama kugeuza dagaa. Nikamwambia asiniige, aende akaangaliwe kwanza, halafu awe anapumzika kuinama kila baada ya muda. Kesho yake walikuwa watano wanatembea kiubavu.

Nilichojifunza: nyonga haitaki kulazwa miaka wala kushtukizwa. Ijengee nguvu taratibu, inuka kwenye kiti mara kwa mara, na ukitibiwa, usijifiche. Waliopitia haya waseme mazoezi gani yaliwasaidia. Wa kucheka, ruksa.

Najua mtauliza kazi. Asubuhi ile ile niliyopandisha bukta, kabla habari haijanitangulia, nilipanda bajaji nikiwa na mchanga miguuni na tyubu mapajani. Nikamkuta mzee ofisini kwake.

"Shikamoo mzee. Nyonga yangu inauma, natibiwa kwa mazoezi. Naomba mlima usubiri wiki sita. Kama haiwezekani, mpe mwingine."

Akanisogezea kiti.

"Waliokutangulia wote waliniambia wako fiti," akasema. "Wawili niliwashusha mlimani kwa machela. Nenda, uje baada ya wiki sita."