Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Jirani yangu, mke wa karani wa kiwanda cha majani chai, alipiga deki mara tatu kwa siku na kufungua milango kwa kiwiko. Vidole vyake vilipasuka kwa dawa ya kuua viini. Mtoto wake hakukanyaga udongo hata siku moja. Watoto wetu walibingirika na ndama wakalala fofofo. Wake alijikuna mpaka damu, na usiku kifua kililia kama filimbi.

Krismasi ya tisini na nne nilimpa kibuyu cha kulazia mursik, yale maziwa yetu yanayogandia humo. Baada ya wiki mbili alikirudisha, mtoto mgongoni.

“Mama Chepchirchir, maziwa yanaharibika tu.”

“Kwani unakiosha na nini?”

“Sabuni ya unga na maji moto. Si kilikuwa cheusi ndani!”

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. “Huo weusi ni mkaa tunaopaka, mama! Ndio unaolaza maziwa. Umekiosha mpaka kimesahau kazi.”

Hakucheka. Alimshusha mtoto, akaitazama mikono yake mwenyewe yenye vidonda, kisha akaniuliza polepole, “Na huyu? Huyu pia nimemwosha hivyo?”