Kikaguzi Kilichosema "Sawa" Haraka Mno

Saa mbili asubuhi, mtafiti wa lugha za kompyuta anavua viatu chini ya meza na, hata chai hajaigusa, anaharibu programu nzima kwa makusudi.

Anafuta mstari unaozuia pampu ya hospitali kumpa mgonjwa dawa kupita kiasi. Kisha anaipitisha kwenye kikaguzi, programu aliyoiunda kwa miaka tisa ili inase makosa ya namna hiyo.

Kikaguzi kinajibu: "Sawa."

"Sawa nini, mwongo mkubwa we!" anakifokea.

Wenzake humwita Hebu Tuone. Ana miaka hamsini na miwili, na haamini kitu. "Akinunua betri, anazijaribu zote palepale dukani," anasema dada yake, muuguzi. "Alipoposwa alimhoji bwana wiki mbili. Maskini shemeji yangu!"

Zamani alikuwa mwalimu wa hesabu. Kompyuta ya shule iliwafelisha wanafunzi arobaini, na kila mtu akasema mashine haikosei. Alisahihisha upya karatasi zote kwa mkono. Wote walikuwa wamefaulu.

Safari hii wasiwasi ulianza jana. Ukaguzi wa pampu huchukua dakika nne. Ulikwisha kwa sekunde kumi na moja. "Nikajua hapa pana namna," anasema. Ndiyo maana leo amekitegea kosa. Kumbe marekebisho aliyoyafanya mwenyewe mwezi uliopita yanakifanya kiruke faili nzima.

Jumatatu ijayo pampu hizo zinaingia wodini kwa dada yake. Kabla ya hapo, Ijumaa hii, chuo kinaamua kumpa uprofesa kwa sababu ya kikaguzi hichohicho.

Mkuu wa idara, aliyesikia kelele zake, anachungulia mlangoni. "Si unyamaze tu mpaka Ijumaa ipite? Bado kuna muda."

"Na wewe tangu lini unanitakia mema?" anamuuliza, akimkazia macho mpaka anaondoka.

Anampigia simu dada yake. "Dada, zisifungwe hizo pampu. Kosa ni langu." Anaiandikia kamati ya chuo maneno hayohayo. "Inauma," anasema. "Miaka tisa, jamani!"

Sasa anapanga kuwe na vikaguzi viwili, kimoja kikikichunguza kingine. Cha pili hatakiunda yeye, wala rafiki yake.

"Rafiki atanionea huruma," anasema, na kumwita mkuu wa idara arudi, akiunde yeye.

Kisha ananyoosha mkono kwa mwandishi wa makala haya, akitaka daftari.

"Hebu tuone umeandika nini."