Sauti Aliyoituma Kaswera

Mwaka ule waasi walipoiteka Kanyabayonga, Kaswera alikuwa akiuza maharagi na vitunguu kwa jumla huko Makiso, katikati ya Kisangani. Ndugu wa tumbo moja alikuwa naye mmoja tu, Isaïe, mwalimu wa shule huko huko Kanyabayonga. Siku ya vita Isaïe alikimbia pamoja na watu wengine, kisha simu yake haikupatikana tena.

Wanande, kabila la Kaswera, wana desturi yao, na mtu asiwacheke. Ndugu akipotea vitani, hurekodi sauti na kuituma kwenye makundi ya WhatsApp ya wakimbizi. Majina yao hufuata mpangilio wa kuzaliwa, kwa hiyo Kaswera wako tele, na asiyeeleza ukoo wake hatajulikana ni yupi. Kaswera akajieleza. Alimtaja marehemu baba yake na kilima chao kule Lubero, akataja jina la utani ambalo Isaïe aliitwa nyumbani, hata kovu la goti lake. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe, basi alitumia ya bintiye Exaucée, msichana wa miaka kumi na minne. Mwenye habari, alisema, amwandikie Exaucée, mpwa wa Isaïe, kwa namba hii. Maskini, aliufungua mlango wa nyumba yake kwa upendo mtupu.

Mtu akaandika, tena kwa mtoto. Alijiita tonton Isaïe, yaani mjomba. Lile jina la utani alilijua, na kovu alilijua. Alisema anatafutwa, amejificha Basoko, na mama asiambiwe mpaka waonane, maana atalia mbele ya wateja na siri itatoka. Exaucée alitaka kumfurahisha mama yake, basi akanyamaza. Mwezi mzima mtu huyo aliongea naye kwa upole ambao Isaïe wa kweli, na hasira zake za kimwalimu, hakuwahi kuwa nao.

Kaswera aliyasoma yote hayo asubuhi moja, baada ya kukuta kitanda kitupu na simu imeachwa juu ya mto. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Simu uiache nyumbani, waaskari wanaifuataka. Panda baleinière ya asubuhi." Alikimbia mpaka bandarini bila kufunga duka. Baleinière, mashua ya abiria iendayo Basoko, ilikuwa imeshaondoka.

Kwenye ofisi ya polisi ya watoto alipokelewa na Major Aristide, mtu mpole mno. Upole wake ulimkera kuliko matusi.

"Mama, loi ya kulinda watoto iko," alisema. "Tena muzuri. Lakini machine ya kutafuta ile numéro iko Kinshasa, hapa haiko. Na waaskari wetu, wengi walitumwa front."

"Alors, piga simu Yangambi, papa Major. Ile mashua itasimama kule."

"Nimeshapiga. Réseau ya simu haiko." Aliangalia meza. "Na simu ya mutoto, mama, ulikuwa unaiangaliaka?"

Kila asubuhi Kaswera alikuwa akimwuliza Exaucée kama habari ya tonton imefika, na mtoto alisema bado. Hakuwahi kumwuliza ni nani mwingine anayemwandikia. Serikali ilikuwa na macho yake vitani, naye vivyo hivyo. Aibu ilimchoma, na nyuma ya aibu ikaja hofu.

"Picha yake usiitie mu ma-groupe," Major alimwonya Kaswera alipokuwa akitoka. "Wabaya wataiona."

"Sasa nifanye nini, papa?"

"Bon, rudi kesho."

Kesho yake hakurudi. Alimpigia Célestine, muuza samaki wa Basoko aliyefanya naye biashara, akamwomba aingoje mashua. Siku mbili akaishi kwa chai tu. Célestine alipopiga, alianza kwa kulia. Mashua ilikuwa imefika bila mtoto. Abiria walisema msichana alishuka Yangambi, akapokelewa na mwanamume mmoja, na msichana akamwita tonton.

Basi Kaswera akafanya alichokatazwa, kwa sababu hakuna aliyempa kingine cha kufanya. Alichukua picha ya komunyo ya Exaucée, akaituma kwenye makundi yote na sauti yake: mimi ni Kaswera, mwanangu amechukuliwa.

Majibu yakaanza kuingia kabla hajafuta machozi. Mmoja alisema mtoto yuko kwake Yangambi. Mwingine alisema yuko kwake Isangi, mwingine Bunia, na wote walimwita mama kwa heshima. Kaswera alijua kwamba hawa ni waongo, labda wote. Lakini huenda mmoja wao hakuwa anadanganya, na Kaswera asingeweza kujua ni yupi. Akawajibu kila mmoja maneno yale yale: "Tafazali, papa, musimupige. Mumupatie chakula."